Kivuli Kinahitaji Jua

Mara ya kwanza nilipokwenda Tervuren ilikuwa Novemba, na hakukuwa na jua. Nalitaja jambo hilo mwanzoni kwa sababu, kama nitakavyoeleza, kazi bora kuliko zote katika jumba la makumbusho la Afrika nchini Ubelgiji haionekani kama hakuna jua. Siku ile nilipita mbele yake bila kuiona, nikarudi nyumbani na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Kutoka Brussels unapanda tramu namba 44 kituo cha Montgomery. Inapita kwenye barabara pana ya miti na majumba, kisha inaingia msituni, na mwisho wa reli ni Tervuren. Nilikuwa na mwenzangu wa chuo, kijana wa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Mimi upande wa mama ni mtu wa Karema, upande wa Tanzania wa ziwa hilohilo. Ananiita yaya kwa kuwa nimemzidi miaka miwili. Tumezoea kutaniana kwamba sisi ni majirani tuliotenganishwa na maji, na kwamba Kiswahili chetu kimoja kimekunjwa na kingine kimenyooshwa, ila hatujakubaliana kipi ni kipi.

Ukishuka kwenye tramu, kitu cha kwanza kukiona ni kasri. Hakuna neno jingine linalofaa. Bustani zimekatwa kwa rula, kuna bwawa, kuna ngazi, na juu yake jengo refu la mawe lenye nguzo na kuba katikati. Mfalme Leopold wa Pili aliona kazi ya msanifu Mfaransa Charles Girault kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, akalipenda jumba la Petit Palais, akamwita amjengee la kwake. Ujenzi ulianza 1904. Fedha zilitokana na Kongo, nchi ambayo wakati huo ilikuwa mali yake binafsi, na ambayo hakuwahi kukanyaga hata siku moja. Alifariki Desemba 1909, na jumba likafunguliwa na mrithi wake, Albert wa Kwanza, mwaka 1910. Herufi L mbili, alama ya jina lake, zimechongwa na kurudiwa kwenye kuta kama mtu anayeandika jina kwenye kila ukurasa wa daftari ili asiibiwe.

Nilikuwa nimesoma habari hizi kabla ya kwenda. Kuzisoma hakukunisaidia. Jengo zuri lina nguvu ya kukufanya unyamaze, na mimi nilinyamaza. Nilijikuta nikisema moyoni, "Kumbe ni zuri hivi." Nafikiri uhakiki wowote wa jumba hili lazima uanzie hapo, kwenye aibu ya kulipenda kwanza.

*

Jumba lilifungwa mwishoni mwa 2013 kwa ukarabati, likafunguliwa tena Desemba 2018. Msanifu Stéphane Beel alipewa kazi ngumu: jengo la zamani ni urithi unaolindwa na sheria, kwa hiyo hangeweza kuligusa sana, lakini alitakiwa kulibadilisha maana. Jibu lake lilikuwa kuhamisha mlango. Siku hizi huingii tena kwa ngazi za mfalme. Unaingia kwenye banda la kioo pembeni, unanunua tiketi, unashuka chini ya ardhi, unatembea kwenye njia ndefu nyeupe, kisha unapanda na kuibukia ndani ya jengo la kale.

Kimawazo, ni uamuzi wa busara. Anayeingia kwa chini haingii kama mgeni wa mfalme. Katika njia ile nyeupe kuna kitu kimoja kikubwa: mtumbwi wa urefu wa mita 22.5, uliochongwa kutoka kwenye gogo moja, uliompakia Mfalme Leopold wa Tatu alipozuru Kongo mwaka 1957. Umelala pale peke yake kama samaki aliyevuliwa. Mwenzangu aliuzunguka mara mbili. Alisema babu zake walikuwa wavuvi na angependa kujua ulivuja wapi, maana hakuna mtumbwi usiovuja. Kibandiko hakikusema.

Lakini mwili una akili zake. Baada ya weupe wote ule na dari ya chini, ukipanda na kufika kwenye kumbi za Girault, zenye madirisha marefu na mwanga wa bustani, unapumua. Njia ya Beel imekusudiwa kututayarisha tulitazame jengo la kale kwa jicho la mashaka, ila inachofanya ni kutufanya tulifurahie zaidi, kama mtu aliyetoka kwenye handaki. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tatizo la jumba hili. Jengo lenyewe ndilo kifaa kikubwa kuliko vyote vinavyoonyeshwa ndani yake, na hakuna kibandiko kinachotosha kulieleza.

Kule chini, kabla ya kupanda, kuna chumba kidogo ambako wamekusanya sanamu ambazo hawataki tena kuzionyesha kama zamani. Maarufu zaidi ni ya "mtu chui," iliyochongwa na Paul Wissaert mwaka 1913: mwanamume aliyejifunika ngozi ya madoa, makucha ya chuma mikononi, akimnyemelea mtu aliyelala. Kwa miongo mingi watoto wa shule wa Ubelgiji walijifunza Afrika kutoka kwake. Sasa amebanwa na wenzake kwenye chumba kile kama wanafunzi waliowekwa kizuizini.

Jirani yake umetundikwa mchoro wa Chéri Samba wa mwaka 2002, uitwao *Réorganisation*. Kwenye ngazi za jumba, Waafrika wanaivuta kwa kamba sanamu ya mtu chui itoke nje, wazungu wanaivuta ibaki, na mkurugenzi amesimama akitazama. Samba ni mchoraji anayependa kuongea, na mchoro wake unachekesha kama katuni ya gazeti. Ila ukiutazama kwa muda unaona jambo ambalo ukarabati wote haukulitatua: wanaovuta kila upande wanatoka jasho, na anayeamua hajashika kamba.

*

Ukumbi wa duara ulio chini ya kuba ndio moyo wa kasri. Kwenye vidaka vya ukuta zimesimama sanamu zilizopakwa dhahabu, kazi ya Arsène Matton, na majina yake yanasema Ubelgiji inaipelekea Kongo ustaarabu, inaipelekea ustawi. Mbelgiji ni mkubwa na wa dhahabu. Mkongo ni mdogo, anatazama juu. Karibu na sakafu ziko sanamu nyingine za Waafrika, nyeusi, za Mwingereza Herbert Ward. Huhitaji kusoma chochote. Rangi na kimo vimekwisha kusema.

Miongoni mwa zile za dhahabu kuna moja iitwayo *Utumwa*. Ndani yake kuna mwanamume wa kilemba anayewatesa Wakongo. Mwenzangu aliinyooshea kidole, akanigeukia, akatabasamu.

"Yaya, huyu njo weye."

Huyu ndiye wewe. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Alikuwa akitania, lakini hakuwa akidanganya. Mtu yule wa kilemba katika lugha ya jumba hili anaitwa "Mwarabu," lakini historia inamjua kwa jina lililo karibu zaidi na sisi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar, akafanya biashara ya pembe na watumwa hadi ndani kabisa ya Kongo, na nyumba yake bado ipo Mji Mkongwe. Habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha hii ninayoitumia sasa hivi. Na Kiswahili cha mwenzangu, kile ninachomtania kwamba kimekunjwa, kiliingia Kongo kwa misafara ya watu kama hao.

Sanamu ile, basi, inasema kweli. Na inatumia kweli hiyo kufanya udanganyifu. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold huyohuyo. Henry Morton Stanley ndiye aliyefanya naye mapatano Zanzibar, na makaratasi ya Stanley yamehifadhiwa hapa hapa Tervuren. Miaka mitano baadaye majeshi ya Leopold yalianza vita dhidi ya wafanyabiashara wa pwani na kuviita vita vya kukomesha utumwa. Yaliyofuata, ya mpira na mijeledi na mikono iliyokatwa, hayakupewa kidaka wala dhahabu. Mwarabu amewekwa ukutani ili Mbelgiji aliye pembeni yake aonekane mwokozi. Dhambi yetu imegeuzwa kuwa hati yao ya msamaha.

Nilisimama pale nikiwa na hasira mbili zinazogombana. Moja ilisema: msitutumie kujisafisha. Nyingine ilisema: na ninyi wa pwani, mmelijengea wapi jumba la kueleza mlichofanya huku? Sijui jumba jingine duniani ambalo lingenifanya niulize swali hilo la pili. Kwa hiyo nalishukuru, ingawa sidhani kama lilikusudia.

Sanamu za ukutani haziwezi kuondolewa, kwa kuwa nazo zinalindwa kama sehemu ya jengo. Wasimamizi wamejaribu kuzijibu. Kwanza waliagiza kazi kutoka kwa Aimé Mpane, msanii wa Kongo: kichwa kikubwa cha mwanamume kilichojengwa kwa vipande vya mbao, mwanga ukipenya katikati. Mwaka 2020 Mpane na mwenzake Mbelgiji, Jean Pierre Müller, wakatundika mapazia 16 yanayoona kwa ndani mbele ya sanamu, kila pazia likiwa na picha inayobishana na sanamu iliyo nyuma yake.

Nayaheshimu mapazia yale, lakini sijashawishika. Pazia jepesi mbele ya sanamu ya dhahabu linanikumbusha mtu mwenye adabu anayemkatiza mzee anayetukana: anasema "samahani," na mzee anaendelea. Kichwa cha Mpane kina nguvu zaidi, kwa sababu ni mbao katikati ya mawe na kwa sababu kina matundu. Hata hivyo kimesimama sakafuni, na chini ya kuba lile kila kilichosimama sakafuni kinaonekana mgeni. Mwaka 2019 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaoshughulikia haki za watu wenye asili ya Afrika walisema ukarabati haukwenda mbali vya kutosha. Mimi naongeza sababu ya kisanii: wameweka majibu mahali ambapo swali lilijengewa sauti kubwa.

*

Lazima nizungumzie mkusanyo wenyewe, maana ningewadhulumu wachongaji kama ningezungumzia wanyang'anyi tu. Jumba hili lina vifaa vya kitamaduni zaidi ya laki moja, na vinavyoonyeshwa ni chini ya asilimia moja. Vingine vinalala ghalani.

Kipo kinyago cha Waluba ambacho kimechapishwa kwenye vitabu vingi mno: uso wa duara, macho yaliyofumbwa nusu, pembe mbili zinazojikunja kushuka pande zote za uso. Nilikuwa nimeona picha yake tangu sekondari. Ana kwa ana kinashangaza kwa utulivu wake. Pembe kwa kawaida hutisha, lakini hizi zinakumbatia. Mchongaji alijua kwamba uso ukitulia vya kutosha, pembe zinakuwa nywele, zinakuwa mikono. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote siku ile, na kwa muda huo nilisahau niko wapi. Kisha nikakumbuka namna kilivyofika: kilichukuliwa mwaka 1896 na Oscar Michaux, afisa wa jeshi la Leopold. Jina la aliyekichukua linajulikana. Jina la aliyekichonga halijulikani.

Kuna pia nkisi kutoka Boma, sanamu ya mbao iliyopigiliwa misumari na vyuma, kila chuma kikiwa ni ahadi au shauri la mtu. Mwaka 1878 mfanyabiashara Alexandre Delcommune aliichukua kutoka kwa chifu Ne Kuko alipovamia vijiji vya huko. Ne Kuko aliomba arudishiwe. Alikataliwa. Watu husema suala la kurejesha vitu vya Afrika ni mtindo wa vijana wa siku hizi. Ombi la Ne Kuko limetangulia kujengwa kwa jumba lenyewe.

Mobutu alilizungumza mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973, na kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilipeleka Kinshasa vifaa 114. Mwaka 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vifaa elfu 84, na bunge likapitisha sheria ya kufungua njia ya kuvirejesha. Mwezi Juni mwaka huohuo Mfalme Philippe alikwenda Kinshasa na kinyago cha Wasuku kiitwacho Kakuungu. Alikitoa kwa mkopo usio na mwisho. Mwenzangu hupenda sana maneno hayo. Kila nikimwazima kalamu hunirudishia kwa heshima zote, akisema ananikopesha kalamu yangu bila kikomo.

Jambo moja dogo lilinikera kuliko nilivyotarajia. Maelezo ya kumbi yameandikwa kwa lugha nne: Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Tulikuwa watu wawili tunaozungumza kwa Kiswahili mbele ya vitu vilivyotoka kwa watu wanaozungumza Kiswahili, Kiluba, Kikongo, Lingala, na ilitubidi tufasiriane kutoka Kifaransa.

*

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ndani ya mkusanyo kuna sanamu ya mbao ya Watabwa, mtu aliyesimama wima, mwenye michoro mwilini na nywele zilizosukwa kwa ustadi mkubwa. Ni sanamu ya mhenga wa chifu Lusinga. Na Lusinga, kwa mtu wa Karema, si jina la mbali.

Karema ilikuwa kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo cha Leopold, tangu 1879. Afisa Émile Storms alikisimamia, kisha mwaka 1883 akavuka ziwa na kujenga kituo kingine Mpala, kusini ya ilipo Kalemie leo. Lusinga alikuwa chifu mwenye nguvu katika milima ya upande ule. Hakuwa mtakatifu; alivamia majirani na kuuza watumwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Storms hakumpenda kwa kuwa hakutaka kumtii. Desemba 1884 alituma watu wake wakamuua, wakaleta kichwa. Storms akaenda nacho Ubelgiji pamoja na sanamu ya mhenga. Fuvu lilikaa nyumbani kwake. Baada ya kifo chake mjane wake alilitoa likaja Tervuren, na baadaye likahamishiwa taasisi ya sayansi asilia ya Brussels. Mpane amechonga fuvu la mbao kwa ajili ya Lusinga na kuliweka katika ukumbi wa duara, likitazamana na kile kichwa chake cha kwanza.

Waliotumwa usiku ule hawakuwa Wabelgiji. Walikuwa askari wa kukodiwa, rugaruga na wangwana, watu wa upande wetu wa ziwa na wa pwani. Amri waliyopewa hapana shaka walipewa kwa Kiswahili.

Marehemu babu, baba wa mama, alikuwa na hadithi moja aliyoipenda. Alisema babu yake alikuwa shujaa aliyevuka ziwa pamoja na Wabelgiji akiwa na bunduki, akarudi na majora mawili ya nguo, na kwa nguo hizo akaoa. Tulipokuwa watoto tuliisikia kila Krismasi. Tuliipenda kwa sababu ilikuwa na mashua, bunduki na harusi. Hakuna aliyeuliza alikwenda kufanya nini ng'ambo. Sina ushahidi kwamba babu wa babu alikuwemo usiku ule, na sitaki kujipa umuhimu kwa kubuni. Misafara ilikuwa mingi, na watu wenye bunduki walikuwa wengi. Ninachojua ni kwamba mbele ya sanamu ile nilifanya hesabu ya miaka, na hesabu haikukataa.

Sikumwambia mwenzangu. Upande wao Lusinga ni habari ya nyumbani, na tayari alikuwa ameniita mtu wa kilemba kwa utani. Niliogopa siku ambayo haitakuwa utani.

*

Mwishoni tulifika kwenye ukumbi mrefu wenye madirisha upande mmoja. Upande wa pili ukuta umeandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Ni kumbukumbu ya enzi ya ukoloni, nayo ni sehemu ya jengo, haiguswi. Mchana ulikuwa wa kijivu. Nilisoma majina kadhaa, nikaona ni ukumbi mwingine tu wa kujisifu, nikaondoka. Kwenye tramu mwenzangu akasoma kijitabu na kuniambia kwamba tulikuwa tumepita ndani ya kazi ya Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa. Inaitwa *Ombres*, yaani vivuli. Tsimba ameandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji. Jua likiwaka, majina hayo huanguka kama vivuli juu ya ukuta, juu ya majina ya Wabelgiji.

"Na kama hakuna jua?" niliuliza.

"Basi hakuna Wakongo."

Nililipuka. Nilisema ni dhihaka: nchi yenye mawingu miezi sita, wametuwekea kumbukumbu inayotegemea hali ya hewa. Wao wana mawe, sisi tuna vivuli. Niliendelea hivyo hadi Montgomery. Leo najua nusu ya hasira ile ilikuwa ya Lusinga.

Mwezi Machi, Jumapili asubuhi, nilipata ujumbe kwenye simu: "Yaya, jua iko."

Tukaenda. Safari hii hatukupitia kumbi nyingine. Tulikwenda moja kwa moja. Na nilikuta ukuta umebadilika. Majina ya kivuli yalikuwa yamelala juu ya majina yaliyoandikwa, yamepinda kidogo kwa sababu jua lilikuwa pembeni, herufi zimerefuka. Ekia. Mpeia. Kitukwa. Mibange. Hao ni miongoni mwa saba waliokufa mwaka 1897, Leopold alipoleta Wakongo 267 na kuwaweka kwenye vijiji vya maonyesho kando ya bwawa la bustani hii. Watu zaidi ya milioni moja walikuja kuwatazama. Wageni waliwatupia vyakula, hadi ukawekwa ubao wa kusema kwamba wenyewe wanalishwa na kamati. Usiku walilala kwenye mazizi. Majira yale ya joto yalikuwa ya baridi na mvua, na saba hawakurudi kwao. Mafanikio ya maonyesho hayo ndiyo yaliyozaa jumba hili.

Nilikosea mwezi Novemba. Kazi ya Tsimba inafanikiwa kwa sababu ileile niliyoidharau. Kila jibu jingine katika jumba hili limeongezwa kwenye jengo: pazia mbele, kichwa sakafuni, njia chini. Tsimba peke yake amelifanya jengo limfanyie kazi. Madirisha ni ya Girault, ukuta ni wa mfalme, majina ni ya mashujaa wao, naye hakuhitaji kibali cha kugusa hata jiwe moja. Ametumia mwanga, ambao hakuna sheria ya urithi inayoulinda. Na kivuli kinasogea. Asubuhi kiko juu ya jina hili, mchana juu ya lile. Kwa mwaka mzima wafu saba wanaweza kuwatembelea wafu 1,508 mmoja mmoja. Siku zisizo na jua zinasema kweli pia, kwamba hivi ndivyo walivyokumbukwa kwa miaka mingi. Wamo kwenye kioo, na watu wanapita.

Nilisogea karibu na ukuta nisome vizuri, na nikakatiza mwanga. Jina likatoka ukutani likanikaa kwenye mkono wa koti, herufi zikikunjika kwenye mikunjo ya kitambaa. Niliutazama mkono wangu. Nikarudi nyuma, jina likarudi ukutani.

Hapo ndipo nilipomwambia mwenzangu hadithi ya babu, na mashua, na majora mawili ya nguo. Alisikiliza bila kunikatiza. Alipokaa kimya niliogopa. Kisha akauliza, kwa lile jicho lake la mvuvi, kama babu aliwahi kusema mashua ilitua wapi. Nikasema hapana. Akasema nyanya yake yuko hai, Kalemie, na ana hadithi za upande ule wa maji. Angempigia.

Kutoka jumbani tulitembea dakika chache hadi kanisa la kijiji. Nje, ubavuni mwa ukuta, kuna makaburi saba yaliyopangwa mstari mmoja, mawe bapa ya kijivu. Hakuna dhahabu wala kuba. Jua lilikuwa bado lipo, na kwa kuwa tulisimama upande wa jua, vivuli vyetu wawili viliangukia juu ya mawe, hivyo tukahamia upande wa pili.

Ukipata nafasi ya kwenda Tervuren, nenda. Kitazame kinyago cha Waluba mpaka usahau ulipo, kisha ukumbuke. Simama chini ya kuba umtafute mtu wa kilemba, na usimkane upesi. Lakini kabla ya kukata tiketi tazama kwanza utabiri wa hali ya hewa, na kama umekwenda siku ya mawingu, rudi tena.